Karatasi Niliyomtia Rafiki Yangu Mfukoni

Nimekosa. Sitaki kuzunguka, wala sitaki mtu anitafutie sababu. Nilimharibia mtu masomo yake, na mtu huyo ndiye pekee aliyekuwa akinijali pale chuoni. Jamani, nilifanya kwa akili zangu timamu, mchana kweupe!

Majina nimeyaficha. Mwenzangu nitamwita Hilari. Watu wa kwetu wakisoma hapa watanitambua tu, na wanitambue. Nimechoka kutembea na jambo hili kifuani.

Mimi ni Mmatengo, nimekulia kwenye kahawa huko milimani Mbinga. Sekondari sikuwahi kushuka nafasi ya pili. Mwalimu wa hesabu akiumwa, mimi ndiye niliyekuwa nasimama ubaoni. Nilipopata nafasi ya chuo kikuu, mkoa wa mbali, baba alinisindikiza kwa basi mpaka mlango wa hosteli, amejibebea mwenyewe ndoo yangu ya maharage. Chumbani tulimkuta kijana anatandika kitanda. Akaacha shuka, akaja kumpokea baba mzigo.

"Shikamoo mzee. Karibuni. Mimi natokea Lundo, huko ziwani."

Baba alifurahi mno! Mbali kote kule, kumbe kuna mtoto wa nyumbani. Akachukua namba yake ya simu palepale, akamwambia, "Mwanangu, huyu ni mdogo wako. Mtazamane."

Jaribio la kwanza la hesabu nilipata nane kati ya arobaini. Nane! Matokeo yalibandikwa ukutani, na mimi nilisimama pale nikijifanya natafuta jina la mtu mwingine.

Sikumwambia mtu. Baba alipopiga nikasema nimefanya vizuri. Hilari aliponiuliza nikasema sijaona bado. Kuanzia siku ile nikawa naogopa kuingia darasani. Mtu akicheka nyuma yangu, najua ananicheka mimi. Mhadhiri akiuliza swali, naangalia viatu.

Ndipo nikaingia kwenye gemu.

Ni mchezo wa vita wa kwenye simu, mnacheza kwa mtandao watu wanne, mnasikilizana sauti tu, hamjawahi kuonana. Wiki ya tatu nikawa kiongozi wa kikosi. Waliniita Kamanda. "Kamanda, tuelekee wapi?" "Kamanda, umetuokoa!" Mtu aliyepata nane kati ya arobaini anaitwa Kamanda, mnaelewa? Nikiwa mle ndani sina aibu yoyote. Nikizima simu aibu inarudi yote, tena imenenepa kwa vile vipindi nilivyokosa. Basi naiwasha tena.

Saa nne asubuhi wenzangu wako darasani, mimi nimevuta pazia, mlango nimeufunga kwa ndani, nacheza. Nilijaribu kuacha mara mbili. Siku ya pili mikono inakosa cha kushika, nafoka hovyo, hata mtu akipiga mluzi koridoni natamani kumtandika. Siku ya tatu narudi.

Hapo ndipo shaka ilipoanza kunila.

Kikosi chetu kikawa kinapigwa. Kila tukijificha, maadui wanatujia moja kwa moja. Nikajiambia, kuna mmoja wetu anatuuza! Nikatega mtego: kila mmoja nilimpa maficho tofauti ya uongo, nione yapi yatavuja. Watu watatu nisiowajua hata sura niliwapeleleza kama polisi. Ningeipeleka bidii ile kwenye hesabu, leo ningekuwa mbali.

Halafu mtego uleule nikauhamishia chumbani.

Maana nilishaanza kumwangalia Hilari. Mbona akipigiwa simu anatoka nje? Mbona yeye na kiongozi wa darasa wananyamaza nikitokea? Mbona kila siku ananiuliza, "Umekula?" Ana shida gani na tumbo langu? Siku moja aliniletea wali kwenye bakuli. Nikamwambia, "Anza kuonja wewe." Akacheka, akadhani ni utani, akachota kijiko akala. Mimi sikuwa natania! Nilingoja nione kama ataanguka.

Basi siku moja nikamwambia, "Hilari, nina malaria, siendi darasani." Uongo mtupu. Na sikumwambia mtu mwingine yeyote. Jumapili baba akanipigia, siku hiyo nikapokea.

"Mwanangu, malaria imepungua?"

Moyo ulinipasuka. Nimemnasa! Kumbe ndiye anayepeleka habari zangu nyumbani! Nikamjibu baba kwamba imepungua, nikakata simu, nikamgeukia Hilari aliyekuwa ananyoosha shati lake la kwaya. Akatabasamu. Hata lile tabasamu nililiona la mtu anayeficha kitu.

Ijumaa moja kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula wa kwanza, Hilari alikwenda kuoga akaacha simu mezani. Hakuwa mtu wa kuficha simu. Ujumbe ukaingia, ukajitokeza juu ya kioo: "Usimwambie kwanza. Jumatatu mtihani ukiisha mlete ofisini, mengine niachie mimi." Aliyeutuma alikuwa ameandikwa Madam, basi.

Nikausoma mara tatu. Mlete! Anayeletwa ni nani kama siyo mimi? Nikiletwa ofisini nifanywe nini, kama siyo kufukuzwa? Yote yakajiunga kichwani: simu za nje, minong'ono, wali, malaria. Kwenye gemu anayewahi kufyatua ndiye anayebaki. Nikaamua kuwahi.

Sikumuuliza! Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Angetoka bafuni, ningemwambia tu, "Madam ni nani?" Maneno matatu!

Jumamosi nilichukua daftari lake, nikaenda kwenye duka la kutoa kopi, nikaomba kurasa mbili zipunguzwe mpaka ziwe ndogo kama tiketi ya basi. Dada wa dukani akanitazama.

"Za mtihani hizi?"

"Za kusomea njiani," nikamjibu.

Mwandiko ulikuwa wa Hilari mwenyewe. Nani angebisha?

Jumatatu asubuhi suruali yake ilikuwa imetundikwa mlangoni, imenyooshwa vizuri. Alipokwenda kupiga mswaki nikaikunja ile karatasi, nikaisukumia mfuko wa nyuma. Tukatoka pamoja. Njiani akaniambia, "Leo usiogope. Swali gumu liruke, anza na unaloliweza. Halafu tukitoka kuna mahali nataka twende wote."

"Wapi?"

"Utapaona. Siyo pabaya."

Mnaona? Hata pale nilikuwa bado nina nafasi. Ningerudi nyuma, ningesema nimesahau kalamu, ningemwambia ajipapase mfuko. Lakini masikio yangu yalisikia kitu kimoja tu: wananipeleka.

Mlangoni mwa ukumbi nikamnong'oneza msimamizi. Mtihani ulipofika nusu saa akaja na mwenzake, wakamsimamisha Hilari mbele ya watu wote, wakamtia mkono mfukoni.

"Hii nini?"

"Siijui, mwalimu. Haki ya Mungu siijui."

"Mwandiko wa nani?"

Akaitazama. Nikaiona midomo yake ikimkauka. "Ni wangu, lakini..." Akageuka, akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale. "Wewe tunalala chumba kimoja! Waambie! Wewe si unanijua?"

Nikainamisha kichwa, nikaandika jina langu juu ya karatasi ya majibu. Nilikuwa nimeshaliandika. Nikaliandika tena juu ya lile la kwanza.

Wakamsimamisha masomo mwaka mzima. Siku aliyofunga begi nilijifunika shuka, nikajifanya nimelala. Hakunidhania hata kidogo! Aliniachia sufuria yake na unga uliobaki, akanigusa bega, akasema, "Kula, ndugu yangu. Usikae na njaa."

Nilidhani akiondoka nitapumua. Wapi! Nikawa nasikia nyayo koridoni naziona zinakuja kwangu. Wale wa kwenye gemu nikawatuhumu mmoja baada ya mwingine, mpaka wakanitoa kikosini. Mmoja wao aliniambia kabla ya kunifungia, "Kamanda, hakuna aliyekuuza. Umechoka, unacheza vibaya. Nenda ukapumzike." Nikamtukana.

Nikahamia kikosi kingine, nacho kikanitoa. Mwezi wa saba matokeo ya mwaka yakatoka, nikadisko. Ndivyo tunavyosema chuoni mtu akiondolewa kwa kufeli.

Nikarudi Mbinga, nikamdanganya baba kwamba ni likizo. Ulikuwa msimu wa kahawa. Siku moja tumesimama kando ya kichanja cha kuanikia tunachambua kahawa iliyokauka, baba akaniuliza:

"Yule kijana wa Lundo hajambo? Simu yake siku hizi haipatikani."

Nikaona hapa ndipo pa kumalizia. "Baba, yule ni mbeya. Si ndiye aliyekuwa anakuletea maneno yangu?"

Baba akaacha kuchambua. "Maneno gani?"

"Si alikuwa anakupigia?"

"Hajanipigia hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia. Wewe simu yako naipiga mpaka nachoka, hupokei. Basi Jumapili nikitoka misa nampigia yeye, ananiambia upo maktaba. Kila Jumapili, maktaba. Mara moja tu alisema unaumwa malaria, na siku hiyo nilimbana sana." Akaokota punje iliyooza akaitupa. "Mpaka nikamwambia mama yako, huyu mtoto wetu atakuja kuwa profesa, haondoki maktaba."

Mungu wangu!

Maktaba! Sikuwahi kukanyaga maktaba muhula mzima. Alikuwa anamdanganya baba yangu, yeye mtu wa kwaya, ili mimi nisiaibike. Alitoka nje na simu ili nisisikie akinidanganyia. Na hata lile la malaria, alisema nilichomwambia mimi mwenyewe!

Nikamwambia baba yote palepale. Kufeli, gemu, karatasi. Hakunipiga. Alikaa juu ya debe, akiangalia mikono yake. Halafu akasema, "Kesho panda gari uende Lundo. Ukirudi hujasema, usiingie nyumbani kwangu."

Nikapanda basi la Mbamba Bay, nikamalizia kwa bodaboda. Njia nzima nilikuwa nawaza tayari wanajua, wananingoja na fimbo. Nilipoulizia nyumba nikaonyeshwa mama mmoja anageuza usipa, dagaa wa ziwani, juani. Nikamwamkia. Niliposema nimetoka wapi, alijifuta mikono kwenye kitenge akanikumbatia.

"Wewe ndiye wa chumba kimoja! Alinisimulia habari zako. Wenzake wote wamemkimbia, wewe umemfuata mpaka huku. Karibu mwanangu, karibu!"

Hilari alikuwa shambani kwenye mihogo. Mama akanipikia ugali wa muhogo na mbasa mzima, samaki wa kumpa mgeni wa heshima. Akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, akashusha sauti.

"Siku hizi sikai tena na wanakwaya. Nakaa benchi la nyuma kabisa. Wanasema nimezaa mwizi wa mitihani. Mimi mwanangu namwamini, ila..." Akatazama mlangoni. "Wewe ulikuwepo. Niambie ukweli, hapa yeye hayupo. Ile karatasi haikuwa yake kweli?"

Niliona haya nisiyoweza kuyaeleza. Shaka yangu ilikuwa imefika mpaka ndani ya nyumba ile, mama anamchunguza mwanawe kwa siri!

Hilari akaingia, jembe begani. Aliponiona akalitupa chini. "Ndugu yangu! Umekujaje?"

Nikasema. Nilisema nimekaa, sahani mbele yangu, bila kuinua uso.

"Kwa nini?" Hilari akauliza.

Nikamweleza ule ujumbe wa Madam.

"Madam ni mshauri wa wanafunzi," akasema taratibu. "Kiongozi wa darasa ndiye aliyenielekeza kwake, nikaenda mara tatu kwa ajili yako. Nilimwambia nina ndugu yangu anapotea, haendi darasani, hali chakula, na sijui nimshike wapi. Aliniambia nisikwambie mapema, utakimbia."

Akatoka nje. Hakurudi mpaka chakula kimepoa kabisa.

Mama yake naye hakulia. Aliitazama sahani yangu, akasema, "Maliza kula. Jumapili utasimama kanisani, useme hayohayo. Mpaka siku hiyo utakaa hapa."

Siku tatu! Niliteka maji, niligeuza usipa, nililala kwenye mkeka chumba kimoja na Hilari, na hakunisemesha hata neno. Nilizoea kuwashuku watu kwamba wananichukia. Sasa nikajua chuki ya kweli inavyokaa: haina minong'ono, inakupita tu kama hupo.

Jumapili mchungaji alinipa nafasi baada ya matangazo. Mimi ni Mkatoliki, mle sikuwa namjua mtu. Nikasema, "Hilari hakuiba mtihani. Karatasi niliweka mimi." Kuna mama mmoja alipiga ukelele mdogo, akajiziba mdomo. Nikaendelea mpaka mwisho. Nilipokaa, mama Hilari aliinuka benchi la nyuma, akapita katikati ya watu wote bila haraka, akaenda kusimama na wanakwaya. Wakamsogezea nafasi.

Wiki iliyofuata nilirudi chuoni na barua ya maungamo. Yule dada wa kutoa kopi alinikumbuka, akathibitisha. Hilari akarudishiwa haki yake, lakini mwaka ulishakwenda na maji, hakuna wa kumrudishia. Mimi nikaambiwa nisikanyage pale tena kama mwanafunzi. Ni haki yangu.

Kabla ya kuondoka nikaenda kwa Madam. Nilitaka kumwona kwa macho huyo adui yangu. Ni mama wa makamo, ana miwani, sauti ya polepole. Akaniambia, "Jumatatu ile nilikuwa nakungoja wewe. Fomu ya kuahirisha mwaka ilikuwa hapa mezani. Ungepumzika, ungetibiwa, ungerudi bila kudisko."

Akaniuliza, "Ulipokuwa unacheza, ulikuwa unamkimbia nani?"

Nikamwambia sikuwa namkimbia mtu, nilikuwa nakimbia yale matokeo ukutani, na uso wa baba akijua. Akatikisa kichwa kukubali. Akasema wengi wanaofika kwake ni hivyohivyo. Mmoja alifeli akaona haya. Mwingine hana hata mtu mmoja wa kuongea naye. Mwingine anaogopa watu, ila akiwa nyuma ya simu hana woga. Wote wanapata pa kujificha, halafu kutoka inakuwa kazi. Na mtu akikaa mafichoni muda mrefu, kila anayemtafuta anamwona adui. Nililia pale kama mtoto.

Sasa niko Mbinga, nafanya kazi shambani kwa baba. Simu yangu ni kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Hilari yuko chuoni. Kijana mmoja wa Litumbandyosi, huku kwetu, anayesoma naye ameniambia kwamba siku hizi kabla ya mtihani anapindua mifuko yote nje, anairudisha, anaipindua tena. Chakula cha kupewa hali. Simu yake ameifunga kwa namba ya siri. Hilari, aliyekuwa anaacha kila kitu mezani! Ugonjwa wangu nimemwachia yeye.

Nilimwomba msamaha kwa simu mara moja. Alinijibu, "Sijafika huko. Nikifika nitakupigia." Hajapiga. Sina haki ya kumharakisha.

Basi wewe uliyejifungia chumbani saa hizi, wenzako wako darasani, nakuomba. Sikuambii gemu ni shetani, najua wapo wanaocheza saa moja wakazima wakaenda kula. Nakwambia wewe unayecheza kwa sababu kuna kitu hutaki kukiona. Umefeli? Sema umefeli. Mwambie mtu mmoja tu. Na ukianza kuhesabu nani anakunong'ona, nani anakupeleleza, jua umeshaumwa, nenda ukatafute msaada kabla hujamwumiza mtu.

Wazazi, mtoto akikwambia kila siku anafanya vizuri, muulize siku moja ni wapi pamemshinda. Akikwambia, usimfokee. Baba yangu amesema asingenifokea. Mimi nilimhukumu bila kumjaribu.

Na kama kuna mwenzako unamtilia shaka, amekaa hapo kitanda cha pili, hujui anaongea na nani kwenye simu, muulize. Jamani, muulize kwa mdomo wako, umsikilize mpaka amalize, kabla hujamtenda.